Neno la Kati

Saa nne asubuhi Wete nzima yanuka karafuu,
majamvi yametandikwa hadi mlangoni pangu,
nao wakaja wakiyaruka:
Bi Mize mbele, mkoba kwapani,
na Salhina nyuma, hatua tatu, za kuhesabu.

Doti moja wameigawa.
Mama kajitanda kipande chake,
binti kajifunga chake kiunoni, juu ya gauni la Idi.
Kanga bado ina wanga wa dukani, yakataa kulala.

"Tupige kama hii," akasema Bi Mize,
akatoa picha kwenye bahasha ya hospitali:
yeye na marehemu mamake, humu humu, enzi za baba yangu,
mama kitini, binti kasimama, mkono begani,
nyuma yao pazia la maporomoko ya maji
ambayo sisi Pemba hatunayo.
Pazia ninalo bado. Panya wameyala maji upande mmoja.

Nikamweka mama kitini, binti nyuma.
Lo! Salhina karefuka, kichwa kimeyapita maporomoko.
"Inama kidogo, mwanangu."
"Nikiinama naonekana kibiongo."
Nikawasimamisha bega kwa bega:
wakawa kama watu wanaongoja kitambulisho.
Nikawageuza watazamane:
wakacheka, wakanuna,
kisha mmoja akatazama feni, mmoja simu.
Binti akataka mgongo kwa mgongo, ameona mahali.
"Mgongo?" mama akashtuka. "Kwani tumegombana?"
Kikapita kimya cha watu waliogombana.

Halafu akaniuliza:
"Na mikono yangu mie niiweke wapi?"

Miaka ishirini nawaambia watu watabasamu,
sijapata kuulizwa swali zito hivi.
Nikampa waridi la plastiki, akalishika kama mwiko.
Nikamwambia ashike mkoba, akaukumbatia kama mtoto mwenye homa.
Picha zake zote, akasema, zina kitu mkononi:
Salhina wa arubaini, Salhina wa surua,
Salhina siku ya kwanza chuoni, juzuu imemzidi kimo.
"Sasa huyu habebeki."
Vidole vyake vyeusi kwa kuchambua makonyo;
akavificha ndani ya kanga.

Hapo nilipochungulia kiooni ndipo niliposoma.
Kanga ni jina, na jina lake ni hili:
NIACHENI NIMLEE WANGU.
Lakini kiunoni mwa binti mkunjo umemeza maneno,
limebaki moja, wazi, kubwa: NIACHENI.
Na kifuani mwa mama: WANGU.

Sikuwaambia. Mpiga picha hasomi watu kwa sauti.
Nilisema tu, "Salhina, kanga ya mama imekwenda upande."

Akaja mbele yake, akainama bila kuambiwa,
akaivuta, akaitandua, akaitanda upya,
midomo kaibana vile vile abanavyo mamake
akitunga uzi sindanoni,
na mikono ya Bi Mize ikatoka yenyewe mafichoni,
ikapanda, ikamshika binti viwiko,
si kumzuia, si kumvuta:
kama mtu anayeshika ngazi
mwenziwe akipanda mkarafuu.

Nikabonyeza.

Bi Mize hakuipenda.
"Uso wangu uko wapi? Na huyu kakupa kisogo!"
Amelipia ile ya kitini, maporomoko nyuma, mkono begani,
binti kakunja magoti nyuma ya kiti apate kuenea,
jambo ambalo picha haitalisema.

Mlangoni Salhina alijidai kasahau kiatu.
"Ile aliyoikataa," akaninong'oneza, "nitumie.
Jumatatu naenda bweni Unguja."
Namba kaniandikia nyuma ya risiti, haraka,
saba yake yafanana na moja.

Usiku nimeikuza picha, nimejaribu zote mbili, saba na moja.
Pale kanga ilipoachia mkunjo
neno la kati limetokeza: NIMLEE.
Ila limeangukia baina ya viganja vya binti,
nami sijui sasa anayesema ni nani.